Mto Ulioishia Ziwani

Juzi gari letu lilipata pancha nje kidogo ya Kitale. Nilikaa kwenye kigoda cha fundi nikisubiri, na alipofungua mkebe wa gundi ya kubandikia viraka, harufu ile ilinipanda kichwani hata nikainuka nikaenda kusimama mbali. Mume wangu alidhani ni kichefuchefu. Sikumweleza kitu. Ningemwelezaje, pale kando ya barabara, kwamba kwangu mimi harufu ya gundi ya tyubu ni harufu ya Achol?

Baba yangu alikuwa fundi wa tairi mjini Lodwar. Banda lake lilikuwa mahali ambapo malori yaliyobeba chakula cha wakimbizi yalipunguza mwendo kabla ya kushika njia ya Kakuma na Lokichoggio. Barabara ile ilikula tairi kama mbuzi anavyokula majani, na sisi tukala kwa sababu hiyo. Mama alipika katika jiko la hospitali. Kaka zangu walikuwa shule za bweni huko mbali. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimebaki peke yangu nyumbani, na rafiki niliyekuwa naye ni mto.

Turkwel ilipita nyuma ya mji, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingoni mikoma, ile minazi ya jangwani ambayo mashina yake hugawanyika mara mbili. Wakati huo bwawa lilikuwa limekwisha kujengwa kule juu milimani, na mto ulikuwa na tabia ya ajabu: ulijaa bila mvua. Unaamka asubuhi, mbingu kavu kama ngozi iliyowambwa, na maji yamepanda mpaka kwenye mizizi ya mikoma. Sisi watoto tulisema mto umeota ndoto mbaya. Hatukujua kwamba kuna mtu mahali fulani amefungua mlango.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kushuka na mto huo, kwa chombo changu mwenyewe, nikilala kwenye mchanga njiani, mpaka nione ziwa. Nilikuwa sijawahi kuliona. Habari zake nilizipata kwa Mama Ekal, mwanamke aliyeleta samaki wakavu sokoni. Nilimuuliza ni siku ngapi, akanijibu huku akipanga samaki wake juu ya gunia.

"Kwa mguu ni siku tatu. Ukiwa na mbuzi, nne. Kwa maji sijui, hakuna mtu mwenye akili ameenda kwa maji."

Nikachukua nne. Nne ilinipendeza.

Achol aliingia maishani mwangu kupitia jikoni kwa mama. Mama yake aliletwa na ambulensi kutoka kambi ya Kakuma, tumbo limevimba na homa isiyokubali kushuka. Walikuwa watu wa Sudan, walioacha kijiji chao vita vilipowafikia. Mtoto alilala chini ya kitanda cha mgonjwa, hadi siku mama yangu alipomkuta nyuma ya jiko akikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa. Jioni hiyo akamleta nyumbani.

"Huyu anaitwa Achol," mama akasema. "Atalala na wewe mpaka mamake apone. Usimchoshe na maswali."

Alinizidi miaka miwili hivi, na kimo kama cha mtu mzima. Nikamsalimu, "Ejok." Akajibu, "Ejok," akaketi karibu na mlango. Kwa muda wote aliokaa kwetu aliketi karibu na mlango.

Wiki ya kwanza nilimweleza mpango wangu kwa pumzi moja. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Tuende tufanye nini?"

"Tuone ziwa."

"Halafu?"

"Halafu turudi."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeomba aonjeshwe dawa chungu. "Mimi nimetembea sana," akasema. "Tangu kwetu mpaka hapa. Sitaki kutembea ya kuona kitu."

Nilinyong'onyea. Niliona mpango wangu umekufa. Mtu wa kwanza aliyekuja kulala mkekani pangu hakuutaka. Ndiyo maana siku chache baadaye, tulipokuwa tukiteka maji na yeye akasimama ghafla akitazama mkondo unavyoteremka na kupinda, nilikuwa na njaa ya jambo lolote litakalomleta upande wangu.

"Hii mto inaenda wapi?" akauliza.

"Ziwani."

"Na ikitoka kwa ziwa?"

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha jambo hilo muhula uleule, tukaliimba darasa zima mpaka madirisha yakatikisika: mito inaingia katika ziwa letu, hakuna mto unaotoka. Maji yanakwisha kwa jua tu. Nilijua. Nataka niliseme wazi hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa mdogo na sikujua.

"Ikitoka inaendelea," nikasema. "Inaenda Sudan."

Achol aliweka mtungi chini. "Kwetu kuna mto mkubwa. Tunaita Kiir. Hii inafika Kiir?"

"Inafika."

"Umeona nani amefika?"

"Mwalimu ndiye alisema."

Aliniuliza tena siku ileile mara mbili, kila mara kwa njia nyingine, kama mtu anayejaribu kamba kabla ya kuishika. Nami kila mara nikaikaza. Jioni alikuja banda la baba akasema, "Tunatengeneza na nini?"

Furaha niliyokuwa nayo mwezi ule sijui kama nimewahi kuipata tena. Tulichukua tyubu mbili za lori ambazo baba alikuwa amezikatia tamaa. Tulijifunza kuzikwaruza kwa msasa, kupaka gundi, kungoja ikauke kidogo, kubandika kiraka na kukikandamiza kwa kisigino. Vidole vya Achol vilinuka gundi hata wakati wa kula. Vijiti vya makuti ya mikoma tulivipanga juu ya tyubu, na kamba tulizipata kwa kufumua magunia ya chakula cha msaada, uzi mmoja baada ya mwingine. Makasia yalikuwa vipande viwili vya ubao wa kreti. Baba alipita akatutazama.

"Hii ni nini tena?"

"Meli," nikasema.

Baba akacheka mpaka akashika mgongo, kisha akatupa viraka viwili vipya. "Msiende mbali na pale wanawake wanafua," akasema. Nikaitika.

Kupiga kasia Achol alijua. Nilipojaribu kwa mara ya kwanza, kwenye dimbwi tulivu nyuma ya matete, maji yaliruka mpaka machoni. Yeye alipiga magoti, akashusha ubao bila sauti.

"Usipige maji," akaniambia. "Maji si punda. Isukume tu."

Ramani niliichora juu ya katoni iliyokunjuliwa. Siku ya kwanza tutapita mashamba ya mtama, tutalala kwenye kisiwa cha mchanga. Siku ya pili vichaka vya mathenge, tukae katikati ya maji miiba isitupate. Siku ya tatu mto utaanza kugawanyika vidole vidole. Siku ya nne, ziwa. Tulirudi kwa Mama Ekal kumuuliza juu ya mamba.

"Huku juu ni wadogo, wanaogopa mbwa," akasema. "Kule mdomoni ndiyo wale wenyewe. Hapo mtu anatoka kwa maji anatembea." Akatukazia macho. "Nyinyi mnaenda wapi?"

"Hatuendi. Ni mchezo," nikajibu, na kwa upande wangu nilisema kweli, maana kwangu kupanga tu kulitosha.

Hapo ndipo nilipokosea kumsoma mwenzangu, na dalili zote zilikuwa mbele yangu. Mimi nilitaka kubeba kioo, mwanasesere wangu wa nguo, na redio mbovu ya kaka. Achol alivitoa kimoja kimoja. Yeye alibeba chumvi, kiberiti ndani ya nailoni, sindano na uzi. Ugali alioachiwa aliukata vipande akaukausha juu ya bati, akauficha ndani ya kopo. Nilimuuliza kwa nini tusipike njiani.

"Moshi inaonekana," akasema.

Nilidhani ni sehemu ya mchezo, nikampenda zaidi kwa kuucheza vizuri. Siku nyingine aliacha nafasi katikati ya vijiti, akaitandika gunia mara tatu. "Mama atakaa hapa," akasema.

Nilicheka. "Mama yako ni mgonjwa!"

"Akifika kwa baba atapona. Baba alibaki. Alisema tutangulie, yeye atakuja na ng'ombe."

Nikasema sawa, kama vile unavyosema sawa mwenzako anapokupa mchanga kwenye kifuu na kukuambia ni wali.

Kisha alasiri moja mama yangu akarudi nyumbani saa ambayo si yake, aproni bado kiunoni. Achol alikuwa mlangoni akifumua gunia. Mama akaketi chini pamoja naye, juu ya mchanga, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mwanangu," akasema, "mama yako amepumzika."

Achol hakulia. Aliendelea kuvuta uzi mpaka ukaisha, akauzungusha kidoleni. "Yuko wapi?"

"Bado yuko hospitali. Kesho watakuja watu wa kanisa lenu kutoka Kakuma, tumzike vizuri."

"Na mimi?"

"Utarudi na wao. Si una shangazi kule?"

"Si shangazi," Achol akasema. "Ni jirani."

Mama alimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, mikono imening'inia. Jua lilipozama aliniuliza jambo moja tu: "Kesho maji itakuwa juu?" Nikamwambia labda. Nilidhani anataka kuoga kabla ya mazishi.

Nilipoamka hakuwepo. Mama alikuwa akiwasha moto. "Mwenzako yuko wapi?" akauliza. Nilikimbia hadi kwenye matete. Maji yalikuwa yamejaa usiku, na chombo chetu hakikuwepo. Kasia langu alikuwa amelichomeka mchangani, limesimama wima. La kwake alikwenda nalo, pamoja na katoni ya ramani.

Natamani niseme kwamba niliogopa. Nilikasirika. Mpango ulikuwa wangu, mto ulikuwa wangu, siku nne zilikuwa zangu, na ameondoka bila mimi. Nilisimama pale nikilia kwa wivu, mwanamke akiwa amelala maiti hospitalini na mtoto wake akiwa juu ya tyubu mbili zenye viraka. Niliporudi mama akauliza tena.

"Ameenda hospitali," nikasema. "Kukaa na mamake."

Mama akapumua. "Basi ni vizuri," akasema, akaenda kazini. Jiko lilikuwa na pilika siku hiyo, kila mtu akadhani mtoto yuko kwa mwingine. Alasiri gari la Kakuma lilifika na mchungaji, wanawake sita wa kanisa na yule jirani. Wakamuulizia mtoto. Hapo ndipo mama alipokuja nyumbani mbio, akanishika mabega, nami nikafungua mdomo. Nilisema yote, ramani, ugali, mamba. Yote isipokuwa jambo moja.

Baba aliangusha vyuma vyake pale pale. Alichukua baiskeli na wanaume wawili wa soko, wakafuata kingo. Lau ningesema asubuhi wangempata kabla ya saa sita, kwenye mashamba ya mtama. Baba mwenyewe alisema hivyo baadaye, bila kunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wageni wa Kakuma walingoja hadi kesho yake. Joto la Lodwar halimngojei mtu. Mchungaji akaamua, na mama wa Achol akazikwa asubuhi, mwanawe hayupo. Wanawake wale waliimba kwa lugha yao, sauti nzito zinazopanda polepole. Mimi nilikuwepo. Nilisimama ukingoni mwa kundi. Kutoka kwenye kilima cha makaburi unaona mstari wa mikoma unaoufuata mto, na macho yangu yalikuwa kule muda wote, nikitafuta doa jeusi juu ya maji. Niliposikia mchanga wa kwanza ukianguka sikugeuka.

Siku ya tano baba alirudi na lori la samaki, Achol ameketi kati yake na dereva. Nyayo zake zilikuwa zimechanika. Alikunywa uji, akalala. Baba alimsimulia mama nje ya dirisha, na mimi nilikuwa ndani.

Chombo walikikuta siku ya pili, kimenasa kwenye mathenge, tyubu moja imepasuka. Nyayo ziliendelea mbele mchangani. Alitembea hadi mwisho, na pale mdomoni alitoka kwenye maji kama Mama Ekal alivyosema, ndiyo sababu mamba hawakumpata. Wanawake wa wavuvi walimwona asubuhi akifuata ukingo wa ziwa. Jioni wakamwona akirudi. Kesho yake akaenda upande mwingine. Mwishowe mmoja akamwita.

"Akawauliza mto wa kutoka uko wapi," baba akasema. "Wale wanawake wakacheka. Halafu mmoja akaona uso wake, akawanyamazisha wengine." Sikuwa nimewahi kumsikia baba akishindwa na sauti yake kabla ya siku ile.

Achol alipoamka, baba alipiga magoti mbele yake. "Mwanangu, ni nani alikuambia mto unaenda Sudan?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Achol alininyanyulia macho, hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu.

"Hakuna mtu," akasema. "Nilifikiria tu."

Kesho yake gari la kambi lilimchukua. Hatukuagana, kwa sababu nilijificha bandani hadi mngurumo wa gari ukaisha.

Nilikaa na jambo hilo muhula mzima. Nilipoteza hamu ya chakula, mama akanipa dawa ya minyoo. Shule zilipofungwa baba alipata safari ya kwenda Kakuma kutengeneza tairi za malori yaliyokwama, nikamwomba twende pamoja. Kule mto wao ni mchanga mtupu, unapata maji siku chache tu za mwaka. Watoto walikuwa wakicheza mpira katikati yake. Niliuliza huku na kule kambini, kwa Kiswahili nilichokuwa nacho, mpaka mama mmoja akanielekeza kwa kidole kwenye mfereji, bomba la maji la mtaa wao. Wanawake na wasichana walikuwa kwenye foleni ndefu ya mitungi. Achol alikuwa katikati yake. Alikuwa amenyolewa nywele.

"Umekuja," akasema.

"Nilijua," nikasema hapo hapo, kwani nilijua nikingoja nitashindwa. "Mwalimu alisema hakuna mto unaotoka. Nilijua siku ileile. Na asubuhi ile nilimdanganya mama, nikasema uko hospitali."

Foleni ikasogea. Alisukuma mtungi wake kwa mguu, nami nikasogea naye.

"Nilionja maji ya ziwa," akasema. "Ilikuwa na chumvi. Ya kwetu haina chumvi. Nikajua umenidanganya. Lakini nikaendelea kutafuta."

"Kwa nini hukumwambia baba?"

"Angekupiga. Ukipigwa, nani anarudi?"

Tulisogea tena. Zilipobaki zamu mbili au tatu, aliniuliza, akitazama maji yanavyoingia kwenye mtungi wa mwenzake.

"Wewe ulikuwa kwa mazishi?"

"Nilikuwa."

"Walilaza kichwa ya mama upande gani?"

Nilielewa anachotaka kusikia. Kwao maiti hulazwa kwa utaratibu wake, na mtoto aliyekosa kuona hubaki na swali hilo. Jibu lilikuwa tayari ulimini, tamu, rahisi: upande wa kwenu. Lingemtuliza papo hapo. Nani angejua?

"Sijui," nikasema. "Sikuangalia. Nilikuwa naangalia mto, nikikutafuta."

Achol akainama, akauweka mtungi chini ya mfereji, ukaanza kujaa. Ulipojaa nilimsaidia kuuinua hadi kichwani. Alikwenda nao bila kuyumba, hakugeuka nyuma.

Tuliporudi Lodwar nilimwambia mama yote, na lile moja. Hakunipiga. Alivua aproni, akanishika mkono, tukaenda hospitali kumtafuta mzee aliyechimba kaburi. Yule mzee alitupeleka kilimani, akasimama, akafikiri, akanyoosha mkono. Kichwa kilikuwa upande wa mto, akasema, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mwamba, jembe lilikataa. Haukuwa upande wa Sudan. Haukuwa upande uliochaguliwa na mtu, mwamba ndio ulioamua.

Nilimtafuta dereva wa lori aliyekuwa akipita kwa baba kila wiki, nikamkaririsha maneno yale mpaka akayashika: kichwa upande wa mto, kwa sababu ya mwamba. Nikamweleza mfereji gani, na msichana yupi.

Wiki iliyofuata alisimama bandani na tairi lake. Nikamkimbilia.

"Nilimpata," akasema. "Nikamwambia kama ulivyosema."

"Alisema nini?"

Dereva alikuna kichwa, akijaribu kukumbuka kama kulikuwa na zaidi.

"Amesema amesikia."